Kamera ya mbali ni kazi ya umeme kabla ya kuwa kazi ya picha

Hotuba kwa mafundi wa umeme na kamera, wafugaji wa samaki wa vizimba na wenye maghala, Mwanza. Imeandikwa upya kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, mwangaluka. Naona wengine mmekuja moja kwa moja kutoka saiti na vumbi la ukuta bado liko kwenye nyusi, kwa hiyo sitawachosha na utangulizi.

Kila fundi wa kamera hapa Mwanza ameshapigiwa simu hii: "Fundi, zile kamera zangu nne zinafanya vizuri, sasa nataka mbili zaidi, moja getini kule barabarani na nyingine kule mwaloni." Ukifika unauliza kule ni wapi, anakuonyesha kwa kidevu. Kidevu hicho kinaweza kuwa mita 60, kinaweza kuwa mita 400. Mashine ya kurekodia imefungiwa kabatini ofisini, na kamera mara nyingi ameshazinunua kabla hajakuita. Kwako anataka waya tu.

Niseme msimamo wangu mapema, ili hata atakayetoka kupokea simu awe amebeba kitu. Kamera ikiwa ndani ya jengo moja na mashine, tumia waya wa shaba na usihangaike. Ikitoka kwenda jengo jingine, au nguzo ya uwanjani, au ikivuka mita 100, basi kwenye mwambao huu wa ziwa tandika faiba, ule waya wa kioo unaopitisha picha kwa mwanga, na umeme wa kamera uutafute kule kule kamera iliko. Sehemu iliyobaki ni kueleza kwa nini, na ni lini unaweza kwenda kinyume bila kujuta.

Kabla ya waya, pima. Usipime kwa jicho, na ramani ya simu peke yake haitoshi. Jiji letu ni la miamba. Nyumba ya Bugarika au Mabatini inaonekana iko juu ya kichwa chako tu, lakini waya wake unazunguka jabali, unashuka ukuta, unapita chini ya ngazi, unapanda tena. Mita 70 za ramani zinageuka mita 120 za waya. Chukua futi ya mita 50, tembea njia ile ile waya utakayopita, hesabu kupanda na kushuka ukutani, kisha ongeza kama sehemu moja ya kumi. Namba hiyo iandike. Bila hiyo, tunayozungumza ni maneno ya kijiweni.

Haya, shaba. Kamera nyingi siku hizi ni za mtandao, zile zinazorekodiwa na mashine iitwayo NVR, na waya wake ni Cat 5e au Cat 6. Kikomo chake ni mita 100: mita 90 za waya uliotandikwa, na mita 10 za vipande vya kuunganishia kwenye ncha zote mbili. Wapo wauzaji wanaosema Cat 6 inafika mbali zaidi. Haifiki. Inabeba data nyingi zaidi, lakini umbali ni ule ule.

Najua yupo hapa mtu aliyevuta mita 140 na picha inaonekana, na namwona anatabasamu. Simbishii. Mita 100 ni ahadi ya kanuni: ndani yake vifaa vyote vilivyotengenezwa kwa kanuni hiyo vinatakiwa kuelewana. Nje yake unategemea ubora wa waya, ubora wa vichwa ulivyobana, na hata joto la siku hiyo, maana shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda. Kuna swichi nyingi za PoE, yaani vigawio vya mtandao vinavyopeleka data na umeme kwenye waya mmoja, za bei ya kawaida zenye kitufe cha kurefusha hadi mita 250. Kitufe hicho kinashusha mwendo wa mlango hadi megabiti 10 kwa sekunde (Mbps 10), na kwa kuwa kamera ya megapikseli 4 inayobana picha kwa mfumo wa H.265 inahitaji kama Mbps 4, picha inapita. Mimi nakikubali kwa kamera moja isiyozunguka, ndani ya ua mmoja, kwenye waya wa shaba halisi. Kamera inayozunguka na kuvuta picha, yenye taa kali za usiku, usiipeleke huko. Itakula umeme mwingi kuliko utakaofika.

Na hapo ndipo kwenye kiini cha siku ya leo. Watu wakisema "waya mrefu unaharibu picha", mara nyingi picha haina kosa lolote. Kilichoisha njiani ni umeme. Kanuni ya PoE ya mwaka 2003, ile 802.3af, swichi inatoa wati 15.4 na kamera inahakikishiwa 12.95. Ile ya 2009, 802.3at, swichi inatoa 30 na kamera inapata 25.5. Tofauti hiyo imeliwa na waya wa mita 100, tena waya wa shaba.

Nasema "tena waya wa shaba" kwa sababu mjini hapa kuna maboksi mengi ya mita 305 yaliyoandikwa Cat 6, bei yake nzuri, na ndani hakuna shaba zaidi ya rangi. Ni alumini iliyovishwa shaba. Ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba kwa kama asilimia 55 hadi 60. Kwa data ya umbali mfupi unaweza usigundue kwa miaka. Kwa PoE ya mita 80 utagundua usiku wa kwanza. Kukwangua kwa wembe kunasaidia: weupe ukionekana chini ya wekundu, hiyo ni alumini. Uzito wa boksi nao unasema. Lakini kipimo ninachokiamini ni mita ya ohmu ambayo kila fundi anayo mfukoni. Ukiwa dukani, omba kufikia ncha zote mbili za waya ndani ya boksi lisilokatwa, pima uzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Shaba halisi ya mita 305 itasoma ohmu 28 au chini yake. Ukisoma 33, ukisoma 40, mrudishie boksi lake kwa heshima. Muuza duka atakuchukia kidogo. Mteja wako hatakuchukia.

Kosa jingine la umeme ni la wale wanaotumia adapta ya volti 12. Mmeliona wote: kamera mchana ni safi, ikifika saa moja jioni inazima, inawaka, inazima tena mpaka alfajiri. Mteja anasema kamera mbovu, anaibadilisha, mpya nayo inafanya vile vile. Hebu tupige hesabu. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, kamera iko mita 100. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo njia yake ni mita 200, na ukinzani wake unakaribia ohmu 7. Mchana kamera inavuta labda ampea 0.2, inapotea volti 1.4, kamera inabaki na 10.6 na nyingi huvumilia. Jioni taa za infraredi zinawaka, sasa inavuta ampea 0.5. Inapotea volti 3.4. Kamera iliyotaka 12 inapata 8.6, inakata roho. Ikikata roho taa zinazimika, volti inarudi, inawaka, taa zinawaka, inakata roho tena.

Ni kama maji ya bomba kwenye milima yetu: wa bondeni wakifungua wote, wa juu anabaki na bomba linalokohoa. Dawa ni kusafirisha kwa volti kubwa, na ndiyo maana TANESCO huleta umeme kwa laini za kilovolti 220 na haituletei volti 230 kutoka kwenye mtambo. PoE inafanya hivyo kwa kiwango chake kidogo. Inasafirisha karibu volti 48, mkondo unakuwa mdogo, upotevu unakuwa mdogo, kisha inashushwa kule kule kamera iliko. Kama lazima utumie adapta, ipeleke mwisho wa njia. Vuta waya wa volti 230 uliofungwa kitaalamu, weka soketi ndani ya boksi lisiloingia maji, adapta ikae mita moja kutoka kwenye kamera.

Wenye DVR, zile mashine za kurekodia za zamani za waya wa koaksi, ule wa duara kama wa antena ya televisheni, msinikasirikie, sijawasahau. Koaksi ina sifa yake. Kamera za analogi za HD kwenye koaksi ya RG59 ya shaba nzuri zinafika mita 300 hivi kwa picha ya 1080p, na watengenezaji wengine wanadai 500 kwenye waya mnene zaidi. Kadiri megapikseli zinavyopanda umbali unapungua. Unaweza pia kutumia baluni, kile kiunganishi kidogo cha kila ncha, na kupitisha picha hiyo kwenye jozi moja ya Cat 5e. Baluni zisizo na umeme hufanya kazi vizuri hadi kama mita 200, ukiwa mwangalifu. Shida ya koaksi ni pale kamera inapopata umeme kutoka mita ya jengo jingine. Athi ya jengo hili, yaani waya wake wa kwenda ardhini, na athi ya jengo lile hazilingani, mkondo mdogo unatembea kwenye ngozi ya waya, na kwenye skrini unaona mistari minene inapanda taratibu toka chini kwenda juu. Watu wanabadilisha kamera, wanabadilisha DVR, mistari ipo. Tatizo ni tofauti ya athi, na kifaa cha kutenganisha athi kwenye mstari wa picha kinaiondoa.

Tofauti hiyo ya athi inanipeleka kwenye radi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo tunayoisoma imeandikwa na watu wasioishi kando ya ziwa hili.

Ziwa Victoria ni moja ya sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja pwani, na mawingu yanajijenga juu ya ardhi mchana na jioni. Usiku inageuka: ardhi imepoa, maji bado yana joto, upepo kutoka pande zote unakutana katikati ya ziwa, na hapo dhoruba kubwa zinazaliwa usiku wa manane kuelekea alfajiri. Wavuvi wanalijua hili kuliko mimi. Kwa hiyo vifaa vyetu vinapata ngurumo za zamu mbili.

Radi haihitaji kuipiga kamera yako ndipo iharibu. Ikipiga jabali la mita 200 pembeni, waya mrefu wa shaba uliotandikwa juu ya ardhi unapokea msukumo wa volti bila kuguswa. Msukumo huo una ncha mbili za kutokea. Moja ni kamera, ambayo ni hasara ndogo. Ncha ya pili ni swichi, na nyuma ya swichi kuna NVR, kuna ruta, kuna kompyuta ya mhasibu, kuna televisheni ya ofisini. Waya mmoja wa kwenda getini umefungua mlango kwa vyote hivyo. Mafundi mliozunguka baada ya mvua za masika mnajua sura ya swichi iliyopigwa: taa zote zinawaka kwa pamoja bila kupepesa, au mlango mmoja umekuwa mweusi.

Mtasema tuweke kinga ya radi kila ncha. Sawa, na nauza kinga hizo pia. Ila kinga hiyo inafanya kazi kwa kuutupa msukumo ardhini, na ardhi ya Mwanza ni ipi? Ni granaiti. Nondo ya athi ya mita moja na nusu unaipigilia, inaingia sentimita 40, inagonga mwamba na kupinda. Nimeona nondo zilizokatwa kwa msumeno zikabaki kipande cha kuonyesha mkaguzi. Athi ya namna hiyo ni pambo. Kama unataka athi ya kweli mlimani, tafuta mfuko wa udongo, hata kama uko mita 15 bondeni. Fukia waya mtupu wa shaba kwa kulala, unganisha nondo kadhaa fupi, halafu pima kwa kipimo cha athi, usikisie. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na gharama yake mara nyingi inazidi bei ya kamera zote mbili.

Ndiyo sababu nasema faiba. Faiba ni kioo. Msukumo wa radi hauna pa kupita. Kamera ikipigwa, imepigwa yenyewe, na NVR haijui kilichotokea zaidi ya kuonyesha skrini nyeusi. Tofauti ya athi nayo inakufa hapo hapo. Umbali unaacha kuwa mjadala: konvata za kawaida za modi moja, vile vifaa vya kila ncha vinavyogeuza data ya shaba kuwa mwanga na kurudi, zinafika kilomita 20, na sisi tunataka mita 300.

Nakumbuka zamani faiba ilikuwa neno la kampuni za simu. Sasa mita ya faiba ya kuingizia majumbani, ile nyembamba, mara nyingi ni rahisi kuliko mita ya Cat 6 ya shaba halisi. Jozi ya konvata unaipata dukani. Kinachowatisha mafundi ni kuunga. Kuna njia mbili. Ya kwanza, nunua waya uliokwisha kufungwa vichwa kiwandani kwa urefu unaotaka, unavuta na kuchomeka. Ndiyo sababu nilisema pima na uandike namba. Ya pili, vuta waya mtupu kisha mwite kijana mwenye mashine ya kuunga faiba. Wapo wengi mjini, wanazungukia wateja wa intaneti kila siku, na kuunga ncha mbili si kazi ya nusu siku.

Mambo yanayoharibu faiba ni machache, na yote ni ya mkono. Usiikunje kona kali. Usichanganye kichwa cha kijani na cha bluu, kwa sababu vimesagwa kwa pembe tofauti na mwanga unapotea pale vinapokutana. Konvata za uzi mmoja zinakuja A na B, moja inatuma kwa mwanga wa nanomita 1310 na nyingine kwa 1550. Ukifunga A na A utakaa saa nzima unalaani waya. Futa kichwa kabla ya kuchomeka, hata kama kimetoka kwenye mfuko. Na usichungulie ncha ya faiba inayofanya kazi. Mwanga wake hauonekani, lakini jicho linaupokea.

Ila angalieni kitu kimoja. Faiba nyingi za kutundika zina waya wa chuma pembeni wa kuzishika, na nyingine zina nyuzi za chuma ndani. Chuma hicho ni njia ya radi kama shaba. Kikate na ukifungie nje ya jengo, kwenye ndoano, ndani kiingie kioo na plastiki tu. Nimeona kazi nzuri ya faiba ambapo chuma kile kimeingizwa mpaka ndani ya kabati na kufungwa kwenye mwili wa NVR. Hapo mteja amenunua kinga na kuirudisha dukani.

Mkiifukia, msichimbe mara mbili. Mtaro ndio unaokula pesa, hasa kwenye mawe, kwa hiyo laza paipu, acha kamba ya kuvutia ndani, na vuta faiba ya nyuzi nne hata kama leo unatumia moja. Pale ambapo mwamba haukubali kuchimbika, paipu nzito nyeusi ya maji iliyobanwa kando ya uzio inatosha, mradi isining'inie. Na wenye mialo: mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lilipanda likaingia kwenye maghala na nyumba za ufukweni. Boksi la konvata liwekwe juu ya alama ile maji yaliyofika, na alama hiyo ukiwauliza wazee wa pale wanakuonyesha ukutani.

Sasa ninyi wa vizimba. Kizimba kiko mita 500 ndani ya maji, hakuna wa kukupitishia waya, na wezi wa samaki na wa injini za boti hawasubiri. Hapo hakuna ubishi, tumia redio mbili za gigahezi 5 zinazotazamana, zenye idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Msiziite waifai ya kawaida, maana hizi zina antena za kuelekeza. Watu wanafikiri kuonana kwa macho kunatosha. Mawimbi yanataka nafasi kuzunguka mstari wa kuonana: kwa kilomita moja, katikati ya njia, nafasi hiyo ni kama mita 3.6 kila upande. Redio zote mbili zikiwa mita mbili juu ya maji, karibu nusu ya nafasi ya upande wa chini imezama, na maji yenyewe yanarudisha mawimbi kama kioo, yanagongana na yale ya moja kwa moja. Ndiyo maana link inakuwa nzuri asubuhi ziwa likiwa limetulia na mbaya mchana, au kinyume chake. Pandisha redio ya nchi kavu juu kadiri unavyoweza. Mwanza imejaliwa vilima, vitumieni.

Umeme wa kizimbani ni sola. Kamera wati 6, redio wati 6, jumla 12, kwa siku ni wati-saa 288. Ukitaka ivumilie siku mbili za mawingu, unahitaji karibu 600, na betri ya asidi hupaswi kuimaliza zaidi ya nusu, kwa hiyo ni betri ya volti 12 yenye ampea-saa (Ah) 100 na paneli ya wati 150. Wanaowauzia betri ya pikipiki na paneli ya wati 40 wanawauzia kamera ya mchana. Weka pia kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera: kwa Mbps 4 inakula kama GB 43 kwa siku, na kadi ya GB 128 inakupa karibu siku tatu hata redio ikikatika. Jambo dogo la nyongeza ni taa za infraredi na wadudu wa ziwani. Buibui wakishajua kuna mlo pale, wanatanda utando mbele ya lenzi, na usiku unaona ukungu mweupe tu. Tumia taa ya infraredi ya pembeni, mbali kidogo na lenzi, na mpe mlinzi kitambaa.

Halafu mwenye kizimba ajiulize kama kamera lazima ielee. Kamera yenye lenzi ya kuvuta, iliyofungwa kwenye jabali la ufukweni na kuunganishwa kwa faiba, inaweza kuviona vizimba vyote bila betri moja majini. Mimi hiyo ningeijaribu kwanza.

Sheria nitaigusa tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kamera ya getini iangalie geti, isiangalie dirisha la jirani.

Baada ya hapo yalikuja maswali. Nayaandika matatu.

Kijana mmoja wa Nyakato aliuliza kuhusu vile vifaa vinavyopitisha data kwenye nyaya za umeme za jengo. Nilimwambia vinafanya kazi, mradi soketi zote mbili ziko kwenye mita moja na ikiwezekana fezi moja. Ukiwasha mashine ya kuchomelea au pampu, tarajia picha kukatika. Kwa kamera ya dukani inayoangalia kaunta, sawa. Kwa ushahidi wa mahakamani nisingeitegemea.

Fundi mwingine alitaka kujua kama anaweza kupitisha Cat 6 kwenye paipu moja na waya wa 230 ili asichimbe tena. Hapana, kwa usalama kabla ya kitu kingine: ganda la waya wa data halikutengenezwa kulala na 230, na siku panya akila yote mawili umeme utakwenda mpaka kwenye kiganja cha anayeshika kamera. Akauliza, na faiba? Faiba isiyo na chuma chochote ndani haina mkondo wa kubeba, kwa hiyo hatari hiyo haipo, lakini bado ningeipa paipu yake, maana siku fundi wa umeme atakapovuta waya wake kwa nguvu ataondoka na kioo chako.

Wa mwisho alikuwa mama mwenye ghala la dagaa kule Mwaloni, Kirumba. Ana kamera sita za koaksi kwenye DVR ya chaneli nane, anataka moja zaidi pale boti zinaposhusha mzigo, kama mita 350. Fundi wake amemwambia abomoe zote aanze upya na NVR. Nilimwambia: mama, kabla ya kutoa hela, fungua orodha ya kamera kwenye DVR hiyo. Nyingi za miaka ya karibuni zinapokea pia kamera mbili au nne za mtandao juu ya zile za koaksi. Ukiikuta sehemu hiyo, zile sita zinabaki zilivyo, unavuta faiba moja hadi ukingoni, konvata kila ncha, kamera moja ya mtandao, na adapta inayopata umeme kule kule. Usipoikuta, ongeza NVR ndogo ya chaneli nne pembeni ya DVR, na kama ni za mtengenezaji mmoja utaziona zote mbili kwenye programu moja ya simu. Koaksi zako za ndani ya ghala hazina kosa.